Siku Niliyovunja Kufuli la Jirani

Kufuli nililivunja mimi. Sikatai, na siku ile sikukataa. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi hapa Kaloleni, moshi unatoka dirishani kwa jirani yangu, naye ameenda sokoni na kuacha maharagwe kwenye gesi. Nilimpigia simu, ikaita mle mle ndani. Nikachukua nyundo.

Aliporudi alinikuta katikati ya nyumba yake, gesi nimeshaizima, sufuria nyeusi mkononi. Kelele za nyundo zilikuwa zimeleta watu, na mmoja alishaanza kuuliza kama mwizi amepatikana. Jirani hakumjibu. Mzee aliyesema twende kituoni aliniokoa, maana kwa umati ule singefika hata kona.

Afande wa zamu alikuwa kijana mpole. Alinieleza kwamba kuvunja mlango peke yake hakutoshi, sheria inataka kujua uliingia na nia gani. Umevunja uibe, hiyo ni jela. Umevunja uzime moto, hayo ni mengine.

Nikashusha pumzi. Mwenye nyumba si huyu hapa, tumekaa naye benchi moja? Huyu mwanamke tumezikiana wazazi. Wanangu wakitoka shule hula kwake. Ufunguo wangu wa akiba, ule niliofunga uzi mwekundu, unakaa kwake mwaka wa tisa huu. Wake hakuwahi kunipa, na mimi sikuwahi kuuliza.

"Mama," afande akamwambia, "wewe ndiye unayemjua. Huyu aliingia kuiba?"

Akainamisha uso. Mimi, mjinga, nikadhani anameza machozi.

"Mimi nia yake siijui," akasema.

Niliumia kuliko kama angenipiga kofi mbele ya wale watu.

Afande akavuta ile sufuria niliyokuja nayo, akainusa, akatazama maharagwe yaliyogeuka makaa. Akafunga kitabu chake na kuniambia niende nyumbani. Sikumshukuru hata. Nilikuwa natazama mikono ya jirani yangu. Muda wote akisema hajui nia yangu, alikuwa akizungusha funguo zake kidoleni, na wangu umo, na uzi wake mwekundu.

Nikanyoosha mkono. "Nipe."

Hakuuliza nini.