Daktari wa Ini

Kichinjioni Garsen mchinjaji wanamwita Daktari, naye haoni kejeli ndani ya jina hilo. Kila akipasua mnyama lazima somo litangulie. Huliinua ini kwa vidole viwili na kupaza sauti ya mnadani: "Hiki ndicho kiwanda! Damu ya utumboni hupita hapa kusafishwa. Nyongo hutengenezwa humu humu; hiki kifuko ni ghala tu, kinangoja ule mafuta kikumwagie." Kisha hupangusa kisu pajani, pale suruali ilipokauka kwa damu ikawa kama bati, na kuuliza kama kuna swali. Swali huwa hakuna. Watu wanataka nyama.

Asubuhi hiyo Dahabo ndiye hasa hakutaka somo. Mbuzi alikuwa wake, hana mwingine, na wazee waliokuja kumposa binti yake Abdia walikuwa wameshakaa mkekani nyumbani kwake wakingoja ini. Kulabuni nyuma ya Daktari alining'inia mbuzi wake mwenyewe wa kuuza, pamoja na ini lake safi.

"Daktari, toa nyongo kwanza. Utaongea baadaye."

"Mama Abdia, mkono huu una macho," akajibu, akiwageukia wasikilizaji huku kisu kikiendelea chenyewe. Kifuko kikapasuka, maji ya kijani yakatambaa juu ya ini lote.

Daktari akakohoa. "Hii ni dawa. Wazee hupenda uchungu kidogo." Akachoma kipande kwenye jiko la makaa lililokuwa kando, akakitafuna mbele ya watu. Machozi yakamtoka, tabasamu likabaki palepale. "Tamu!"

Dahabo akavuta kigoda, akaketi.

"Alhamdulillahi. Basi limalize lote, Daktari. La wakwe nitalichukua kwa huyo mbuzi wako aliyening'inia."