Maonyo Matatu Yasiyokuwapo

Sifa na shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kusema na akatupa pia uwezo wa kunyamaza. Namshukuru kwa umri huu mrefu, na kwa mjukuu anayenisomea yale ambayo macho yangu hayayafikii tena. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, mkweli, aliyeaminiwa hata na waliomchukia.

Mwanangu, juma lililopita mjukuu wangu Swaleh aliketi nami barazani akanisomea kwenye simu kisa alichokiandika mwenyewe. Kilimhusu kijana wa pikipiki aliyeanguka kwenye njia ya Mtangawanda na abiria wake, mama mtu mzima ambaye hadi leo yuko hospitali Amu, yaani Lamu. Katika kisa hicho mama wa kijana alimkataza kutoka. Kisha rafiki akamwambia breki haishiki. Kisha mzee mmoja akamsimamisha njiani. Kijana akacheka, akaenda.

"Vipi, babu?"

"Kizuri," nikasema.

"Nimeshakituma. Watu wanakipenda, wanakisambaza."

Kilikuwa kizuri mno, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kisa hicho nakijua. Nilikiandika mimi kabla baba yake hajazaliwa.

Nakumbuka siku moja, nilipokuwa kijana wa sekondari upande wa Faza, nililetewa habari kwamba dari limeanguka kwetu Pate. Baba yangu, Fundi Bakari, alikuwa fundi wa nyumba za mawe. Kazi yake ilikuwa chokaa, matumbawe na boriti za mikoko, na alifanya kazi na mwenzake mmoja tu, Bwana Athmani, tangu ujana wao. Siku hiyo walikuwa wakitengeneza nyumba ya zamani. Baba alitoka kwenda kisimani kuteka maji ya kukorogea chokaa. Aliporudi, dari lilikuwa chini, na Bwana Athmani alikuwa chini yake.

Ncha za boriti zilikuwa zimeoza ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje zilikuwa nyeusi na ngumu kama chuma. Ndivyo ilivyokuwa, basi. Bi Maryamu, mjane wa marehemu, alimtumia baba ujumbe siku ya tatu ya msiba: "Nimesamehe. Ni kadari ya Mungu." Naye alikuwa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani.

Nami nikarudi skuli, na kila nilipolala niliangalia juu. Mwanangu, nitakwambia jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi: niliogopa dari. Niliogopa la bweni, la darasa, hata la msikiti. Kama dari laweza kuanguka bila sababu juu ya mtu mwema aliyeingia kazini na bismillahi, basi nani yuko salama?

Wakati huo mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza, mgeni kutoka bara, mtu mpole aliyeipenda kazi yake, alikuwa akitufundisha fasihi ya Waingereza tangu chimbuko lake, tangu enzi ambayo tungo zao zilighaniwa ukumbini mbele ya wafalme kabla ya kuandikwa. Alituonyesha kwamba hadithi, kama nyumba, ina nguzo. Shujaa hutoka kwao, hukutana na zimwi, hurudi na sifa au harudi kabisa. Ngano hupenda tatu: ndugu watatu, milango mitatu, onyo mara tatu, na anayelipuuza la tatu hujuta. Nilifurahi, maana hata ngano za bibi yangu zilikuwa hivyo hivyo. Halafu akatufikisha kwenye tanzia. Akachora mlima ubaoni, akaweka chaki kileleni, akaishusha polepole hadi chini. Mtu mkubwa huanguka, alisema, na mbegu ya anguko lake imo ndani yake mwenyewe: kiburi, au tamaa, au wivu.

"Na kama hakukosa kitu?" niliuliza.

"Basi hiyo si tanzia," akajibu. "Hiyo ni ajali tu."

Simlaumu. Alikuwa akisema juu ya vitabu, na juu ya vitabu alisema kweli. Kosa ni langu mimi niliyeichukua ile chaki nikaiweka juu ya kichwa cha baba yangu.

Tulipoambiwa tuandike tanzia, niliandika ya dari la Pate. Sikubadilisha hata jina. Nilimfanya baba shujaa, fundi asiye na mfano katika visiwa vyote. Kisha, kwa kuwa shujaa hana budi kuwa na kosa, nikampa kiburi. Na kwa kuwa ngano hutaka tatu, nikampa maonyo matatu. Bibi kizee akapita akasema amelisikia dari likilia. Bwana Athmani akamshika mkono akamwambia, "Fundi, leo tungoje." Kunguru akatua juu na vumbi likadondoka. Baba katika karatasi yangu akacheka akasema: "Mimi ni fundi mwana wa fundi. Dari hili linanijua."

Nilipomaliza nililala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sikujiuliza kwa nini. Leo najua. Nilikuwa nimeipata sababu. Kama baba alikosa, basi dari haziwaangukii wasio na kosa, na mimi niko salama. Nilimuuza baba yangu nikanunua usingizi.

Insha ilisomwa mbele ya skuli nzima na kubandikwa ukutani. Nikavimba kichwa. Lakini neno lina miguu. Kijana mmoja wa ukoo wa Bi Maryamu alisoma skuli ile ile. Ilipofika likizo alinitangulia siku chache kwenda nyumbani, akawatafsiria watu wa mji insha yote ya Kiingereza, onyo kwa onyo.

Niliposhuka kwenye boti Mtangawanda nikafika kwetu, nilikuta kapu mlangoni. Kila Ijumaa mama alipeleka kapu kwa Bi Maryamu, lenye samaki, mchele na kuni za kupikia, na baba ndiye aliyelitengeneza kwa mkono wake. Ijumaa hiyo lilirudishwa kama lilivyokwenda, samaki wakiwa hawajaguswa.

"Kasema nini?" baba aliuliza.

"Hakusema kitu," mama akajibu. "Kafunga mlango."

Fikiria hali ya mwanamke wa eda, mwanangu. Hatoki, haketi na wanaume wasiokuwa wa kwao. Habari za dunia zinamfikia kwa masikio tu, na anayemletea neno amemletea kitu asichoweza kutoka kwenda kukihakikisha. Neno nililomletea mimi ni kwamba mumewe aliomba wangoje, na rafiki yake akamcheka.

Jioni hiyo, kwenye mlango wa msikiti, mzee mmoja mcheshi alimwambia baba mbele ya watu: "Inama upite, Fundi. Mlango huu haukujui bado!" Wakacheka. Baba naye alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu naye hataki ugomvi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika viatu vyangu, na masikio yananiwaka.

Lakini kejeli haikuwa adhabu yangu. Adhabu ilikuja kesho yake. Nilimwona baba akienda nyumba hadi nyumba. Nilimfuata kwa mbali nikadhani anawagombeza waliomcheka. Kumbe alikuwa akiuliza. Alisimama mbele ya bibi kizee mmoja jirani na ile nyumba, akamwuliza kwa adabu: "Samahani, mama. Ni wewe uliyeniambia dari linalia? Mimi sikumbuki. Nataka kukuomba radhi."

"Mimi? Sikukuambia kitu, mwanangu."

"Basi ni nani?"

Baba hakusoma Kiingereza, na kwake kalamu ilikuwa kitu kikubwa. Mwanawe amesoma, mwanawe ameandika, basi bila shaka mwanawe amesikia mahali. Alipofika nyumbani alimwambia mama, nami nikiwa nyuma ya ukuta: "Labda niliambiwa nikasahau. Labda Athmani alinishika mkono kweli. Mtu akiwa kazini hasikii." Hakunishuku hata kidogo. Ningependelea anipige.

Nilikimbilia kwa Maalim Omari, aliyenifundisha Kurani tangu nikiwa sijui kufunga viatu. Nilimweleza yote. Aliizungusha tasbihi yake.

"Wako malaika wawili juu ya mabega yako," akasema mwishowe. "Wanaandika?"

"Wanaandika, Maalim."

"Siku Athmani alipokufa, wa baba yako waliandika maonyo mangapi?"

Akanyosha kidole kwangu.

"Wao wanajua yote mnayoyatenda na hawaongezi hata kunguru. Wewe hukuwapo, ukaongeza watu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Athmani hayupo, ndiyo maana ukaweza kumtilia maneno mdomoni. Inuka twende."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Tulikwenda baada ya alasiri. Baba tulimkuta njiani, na Maalim akamwambia atufuate bila kumweleza. Kwa Bi Maryamu tulisimama dakani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Ndani ya mlango palikuwa na pazia la kaniki, na nyuma ya pazia sauti yake.

"Masalkheri, Bi Maryamu," Maalim akasema. "Nimekuletea aliyeandika."

Sauti ikasema: "Usinambie pole. Pole ninazo tele. Nambia kweli. Ndia ni moja, usizunguke. Wa kwanza aliyemwonya Fundi ni nani?"

"Hakuna," nikasema.

"Kunguru?"

"Hakuna."

Akasogea karibu na pazia. "Na mume wangu? Alimshika mkono?"

"Hapana, Bi Maryamu. Niliandika hivyo kwa sababu... hadithi hutaka tatu."

"Hadithi hutaka tatu," akarudia polepole. "Na mume wangu kufa, ilitaka hadithi pia?"

Hapo machozi yalinitoka. Nikamwambia yaliyobaki, hata hofu yangu ya kulala chini ya dari. Nikasema kwamba baba hakuonywa na mtu, hakucheka, hakusema dari linamjua. Alikuwa kisimani. Boriti zilioza ndani na hakuna aliyeziona. Nyuma yangu nilisikia baba akishusha pumzi ndefu. Akaketi juu ya baraza ya mawe, akajifunika uso kwa kofia yake.

Bi Maryamu alilia nyuma ya pazia, nasi tukangoja. Kisha akasema, sauti imekauka: "Mimi nimelala siku tano nikimwona akiomba wangoje, hakuna anayemsikiliza. Siku tano, kijana. Umemuua mara ya pili. Mara ya kwanza alikufa kwa kadari, nikaridhika. Mara ya pili alikufa kwa kalamu yako."

Maalim akanifinya bega nisijitetee. Sikuwa na la kujitetea.

"Fundi yupo?" akauliza.

"Nipo, Bi Maryamu," baba akasema.

"Dari la ukumbi wangu linavuja. Eda yangu ikiisha, njoo ulitengeneze. Ukiniletea mtu mwingine, mimi sitaki. Ndoto zangu zikiisha nitalala chini ya kazi yako."

Maalim ndiye aliyejibu kwa niaba ya baba: inshallah.

Alilitengeneza dari hilo, mwanangu, nami nilimchanganyia chokaa likizo nzima. Tangu siku hiyo baba hakuamini tena boriti kwa rangi yake. Alikuwa akibomoa ukuta kidogo kila penye ncha ya boriti, anaigonga kwa nyundo, anaweka sikio, anagonga tena. Wenye nyumba walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Aliwaambia, "Mtu atapita chini yake."

Na skuli ilipofunguliwa nilimwomba mwalimu aibandue ile insha. Aliposikia sababu aliketi juu ya dawati, akaivua miwani. Kipindi kilichofuata alifuta ule mlima ubaoni, akatuambia: "Hizi ni nguzo za hadithi. Si mizani ya kuwapimia jirani zenu." Nilimpenda zaidi tangu hapo, na hadithi zile za kale naendelea kuzipenda. Zinamfundisha mtu kukitazama kifo akiwa amekaa na wenzake. Zimwi wa kitabuni hana mjane, na shujaa wa kitabuni hana mwana.

Basi nasaha yangu ni hii. Jifunze fasihi, ya kwetu na ya wengine. Elimu haina mwenyewe. Tunga mashujaa upendavyo, waangushe utakavyo, mradi uwe umewazaa mwenyewe. Lakini ukiandika juu ya mtu mwenye jina na nyumba na watu wanaomsubiri, andika ulichokiona na ulichokihakikisha, na pale usipojua useme hujui. Ukiona kisa cha msiba kimekaa sawasawa, kila kitu mahali pake, ogopa. Huenda ni moyo wako uliokuwa na hofu ukatafuta wa kumlaumu ili upate kulala. Gonga boriti kabla ya kuwapitisha watu chini yake. Na ukiwa umeshakosea, usingoje aibu ipoe. Nenda mpaka kwenye pazia, sema "hakuna" mara zote zinazohitajika.

Swaleh nilimwuliza swali moja tu: "Wale watatu waliomwonya kijana wa pikipiki, ni nani?" Aliangalia simu yake, akainuka akaenda. Siku tatu hakuja barazani, nami nimekuwa nikimwomba Mungu kwa wasiwasi wa mzee ambaye miguu yake haiwezi kumfuata mtu. Leo asubuhi nimemsikia nje akiuliza maji yatajaa saa ngapi na boti ya Amu inaondoka lini. Akaulizwa anakwenda kufanya nini. Akasema, "Kuna mtu hospitali nataka kumwona, na mama wa kijana mmoja."

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akukinge na dari lililooza na neno lililooza. Akupe kalamu isiyomdhulumu aliye hai wala aliyekufa, akupe moyo wa kurudi pale unapopotoka, na watu wa kukupokea utakaporudi. Amin.