Mtutu wa Mbekenyera

Bunduki ya nyumbani kwetu ilinukia ufuta. Mjomba Bakari aliipaka mafuta ya ufuta kila baada ya mavuno, na harufu hiyo, ikichanganyika na ya baruti, ilijaa chumba chake chote. Ilikuwa gobori, bunduki ya kushindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu. Aliirithi kwa mjomba wake, aliyeiandikisha serikalini zamani, kwa kuwa kwetu Chunyu mjomba ndiye nguzo ya watoto wa dada yake. Baba yangu alikwisha kufa. Tulikula kwa jasho la Mjomba. Masika ninayoikumbuka, nguruwe pori waliyavamia mahindi, Mjomba akawafyatulia. Mlio ulifika mbali kuliko alivyotaka. Askari waliokuwa wakisaka silaha haramu walikuja wakamchukua, wakampeleka Nachingwea. Jambo lilikuwa moja tu: ikithibitika kuwa ndiyo bunduki iliyoandikishwa, angerudi nyumbani; ikiwa imetengenezwa kijijini, angefungwa.

Aliyeitwa kuikagua alikuwa Mzee Komba, fundi wa silaha mstaafu, Mngoni mwenye utani mwingi. Alipoiona alimgeukia Mama. “Ninyi Wamwera, watani zangu, mmeniletea bunduki au mchi?” Mama akajibu, “Mchi ungekuwa umekwisha kukutwanga, Mngoni wewe.” Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Alitueleza kila alichokifanya, nami nakueleza wewe, maana si elimu ngumu. Macho yako yanatosha. Bunduki ya kale usiikadirie kwa kutu wala kwa hadithi ya mwenyewe. Tazama mti unavyokutana na chuma: wa kiwandani umekaa kama ukucha kwenye kidole, wa kijijini una mwanya. Halafu fungua mtutu, uuelekeze kwenye mwanga, uchungulie. Wa kiwandani, wa aina ile, una mifereji inayojizungusha ndani kama mmea unaotambaa kwenye mti. Mwisho tafuta namba, ile inayoandikwa serikalini, iliyogongwa kwenye mtutu upande wa nyuma, ule mnene. Mzee Komba alichungulia mara moja akaushusha. “Ndani ni laini kama shingo ya chupa. Mama, hili ni bomba la maji.” Nachingwea mabomba hayo si mageni, yalibaki kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza, na wahunzi waliyatumia kwa kila kitu.

Mama hakuficha. Mtutu wa kwanza ulipasuka mdomoni, mhunzi wa Mbekenyera akaweka mwingine. Kitako kililiwa na mchwa, akachonga kingine. “Lakini bunduki ni hiyohiyo, mzee. Jembe likibadilishwa mpini, utasema si jembe langu?” Mzee Komba aliiweka bunduki chini. “Kwa jembe, sawa,” alisema. “Niletee huo mtutu wa kwanza. Namba ikiwepo, kaka yako atarudi.”

Tulikwenda Mbekenyera kwa basi dogo, tukamalizia kwa bodaboda, mimi nimebanwa kati ya dereva na Mama. Mhunzi alikuwa amefariki. Mjane wake alitupokea akipepeta mtama, akashangaa kuona tunauliza kwa hofu. “Chuma hakitupwi, mwanangu. Kipo pale karakanani kwa marehemu, ndicho kilichokuwa kikipulizia moto.” Kweli, mtutu ulikuwa umechomekwa kwenye mivukuto, ukipitisha upepo hadi kwenye makaa. Mama alipiga kigelegele, akaufunga kwa kanga kama mtoto mchanga.

Nachingwea, Mzee Komba aliusafisha kwa kitambaa na ufito, akachungulia, akanipa nami nichungulie. Mifereji ilikuwepo, imejizungusha vizuri kabisa. “Huu ni wa kiwandani,” alisema. Mama akaanza kumshukuru Mungu. Ndipo mzee alipougeuza. Mhunzi, kwa ujuzi wake, aliuelekeza motoni kwa upande ule mnene, kwa sababu ndio ungedumu. Moto ulikuwa umeula kama mshumaa. Palipokuwa na namba palikuwa na magamba meusi. “Mama, mimi naamini,” Mzee Komba alisema kwa sauti ya chini. “Ila nitaulizwa nilichokisoma.” Maji yakimwagika hayazoleki. Mjomba alifungwa. Nguruwe walimaliza mahindi, na kabla mikorosho haijachanua aliletwa nyumbani akiwa amefunikwa shuka hadi kichwani.

Siku hizi naishi Ruangwa mjini. Huja watu kuniuliza thamani ya vitu vya Wajerumani walivyovifukua shambani, nami huwaonyesha pa kutazama, bila haraka. Zamani tuliamini kitu hubaki kile kile kwa sababu ya mikono iliyokitunza. Leo kila kitu kina namba, hata mimi. Juzi mdogo wangu, dereva wa bodaboda, alikuja amefunga injini nyingine kwenye pikipiki yake. Nikamuuliza kama ameiandikisha. Akacheka. “Dada nawe! Nani atainama kusoma injini?” Nilimpa kitambaa, nikamwambia ainame yeye kwanza. Alifuta grisi akinung’unika, kisha akanisomea tarakimu moja moja, na hakuondoka hadi nilipozisikia zote.