Ijumaa ya Yaya na Ijumaa ya Mashini

Mimi nilimaliza darasa ya sita ya primere, basi. Mambo ya ordinatere, ni kusema kompyuta, nilifundishwa na video za mu telefone, na kiburi kidogo. Ndiyo vile nilitengenezea mama muganga wa materinite hapa Kasongo, kule wamama wanazalia, programu ya kutafuta watoto waliozaliwa pale: unaandika tarehe, yenyewe inaenda kuchimbua mu tableau ya majina, inakuletea mutoto na jina yake na saa alizaliwa. Nilikuwa natembea mu soko kama mukubwa.

Siku moja yaya wangu, dada yangu mukubwa, akatoka Lusangi na moto, pikipiki ya kulipa, mutoto ku mugongo. Alizalia hapa kwetu, ku hii materinite, sasa alikuja kutafuta karatasi ya kuzaliwa, juu siku za kumuandikisha mutoto ku Leta, ku serikali, zilikuwa zinaisha kesho yake. Mwenye moto alishaanza kupiga honi inje.

Yaya akasema ilikuwa Ijumaa. Nikaandika ile tarehe. Programu ikajibu: hakuna mutu. Nikaandika tena, pole pole, sawa vile mashini ni kiziwi. Hakuna mutu.

"Kumbe mutoto wangu hakuzaliwa," yaya akasema. "Sasa huyu anayeninyonya ni wa nani, ndugu yangu?"

Wamama wote wenye kuikaa ku banki ya kungojea wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikamuuliza alizala asubui ao mangaribi. Akasema baba ya mutoto alikuwa ndiyo anatoka musikitini kusali mangaribi ya Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa, kuna nini ya kuuliza?

Nikajishika kichwa. Kwetu, wakishaadhini mangaribi, siku imekwisha, mupya imeingia. Tangu utoto nimekomalia mu ile hesabu. Lakini mashini inangojea saa sita ya usiku ndiyo igeuze tarehe, na mimi sikuiambia kitu.

Nikafungua programu, nikabadilisha ulizo: isitafute tarehe moja, ianzie Alhamisi saa kumi na mbili ya mangaribi, isimame mbele saa kumi na mbili ya mangaribi ya Ijumaa haijafika. Mutoto akatoka wa kwanza. Saa kumi na mbili na nusu, Alhamisi.

Mama muganga akaandika Alhamisi ku karatasi, juu Leta inahesabu sawa mashini. Yaya akasema sherehe ya mutoto itakuwa siku yake, Ijumaa, Leta ikitaka ije ikule wali. Akapanda moto, karatasi ndani ya kitenge.

Nikasimama niende. Mama muganga akafungua droo, akatoa majina ya wamama aliowarudisha bila kitu, wakati programu iliwajibu hakuna mutu.

"Keti," akaniambia. "Hawa pia tuwatafute."

Nikaketi.