Siku Niliyoshindwa na Golikipa Wetu

Naomba nisiulizwe tena habari za vijana wanaopandishwa timu kubwa. Wajukuu zangu wakifungua redio na kuanza kupiga kelele kwamba kuna mtoto kaletwa kutoka timu ya vijana, ataokoa jahazi, ataleta kombe, mimi huinuka nikaenda zangu kuangalia mbuzi. Mbuzi hawamtarajii mtu afanye miujiza. Mimi nilipandishwa timu kubwa zamani, enzi za Mwingereza, pale mgodini Geita. Nilifunga goli siku yangu ya kwanza, goli pekee la mechi, na jioni ile ile nikarudishwa nyumbani kwa kosa la kushindwa. Wajukuu wanadhani natania. Sitanii hata kidogo.

Nilikuwa nakaa kambini kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akishuka shimoni. Kwetu ni Didia, upande wa Shinyanga, na nililetwa Geita ili nisome. Badala ya kusoma nikaingia timu ya watoto, ambayo seremala mmoja wa mgodi aliifundisha jioni kwa kupenda kwake tu. Alitukimbiza mpaka tukatapika, akatufundisha kupiga kwa miguu yote miwili, na aliyeiva alimpeleka mwenyewe kwa kepteni wa timu kubwa, kama mtu anayempeleka ndama mnadani. Mwaka ule alinipeleka mimi. Nilikuwa winga wa kushoto, mwembamba, na mpira niliupenda kuliko chakula. Tena wachezaji wa timu kubwa walipewa kazi karakana, wakajifunza ufundi, hawakushushwa shimoni. Nilitaka mpira, nilitaka na karakana, na sikutaka kitu kingine duniani.

Ilipojulikana kwamba nitacheza dhidi ya timu ya Shinyanga, kambi ikaingia wazimu. Sikuwa nimegusa hata mpira mmoja wa timu kubwa, lakini wimbo wangu ulikwisha tungwa. Akina mama walinisimamisha njiani wakanipima mapaja kwa kamba, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kinyozi alininyoa bure, halafu akazikusanya nywele zangu akazifunga kwenye kitambaa. Nilipomwuliza za nini, akasema mambo mengine si ya kuulizwa. Jirani mmoja aliniletea mayai ya kuchemsha, akasimama mlangoni mpaka nilipomeza la mwisho. Na mzee mmoja, rika la babu yangu, alinivulia kofia akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje?

Kule kilabuni walikuwa wanagombania magoli yangu. Mmoja akasema nitafunga manne, mwenzake akasema manne ni kunitukana, wakashikana mashati. Aliyepandishwa mwaka wa nyuma alikuwa amefunga mawili katika mechi yake ya kwanza, na wakamwita mvivu. Siku hizo alikuwa anaoka mikate na hataki kusikia neno mpira. Mjomba aliyasikia yote hayo akaguna, akaniambia ngoma ikivuma sana mwisho hupasuka. Kisha akaenda kilabuni yeye mwenyewe, akasema matano.

Ndipo baba akaja. Baba alikuwa kiongozi wa ngoma, na hapa nieleze kidogo kwa wasiojua mambo ya kwetu Usukumani. Baada ya mavuno ya nafaka, ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama huku na huku. Hakuna refa wala magoli. Ngoma iliyovuta watu ndiyo iliyoshinda. Iliyobaki na watoto na mbwa imeshindwa, na kiongozi wake hufunga ngoma zake akaenda kwao bila ubishi. Baba alikuwa ameshinda hivyo miaka mingi, na aliposhindwa alikubali hadharani. Alikuwa mkweli kupita kiasi, na huo ukweli wake ndio ulioniponza.

Alikuja na wenzake wa ngoma, wakiwa katika ziara yao, na alikuja kunichukua. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka shambani na mikono haitoshi. Nikampigia magoti. Seremala akamsihi, mjomba naye akamsihi. Baba akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huo mpira nao ni mashindano. Akaambiwa ndiyo, tena makubwa. Basi akatoa neno lake mbele ya wote.

"Nitakuangalia kesho. Ukishinda, kaa hapa na mpira wako, sitakuuliza tena. Ukishindwa, tunaondoka wote jioni."

Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Kati yetu sote, pamoja na ujanja wetu wa kukaa kambini, hakuna aliyefikiria kumwuliza yeye kushinda anakujuaje.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya matangi ya maji. Baba alisimama na ngoma zake upande wangu wa kushoto. Kila nilipogusa mpira, umati ulinifuata pembeni mwa mstari, nikienda mbele wanakwenda, nikirudi wanarudi, mpaka mshika kibendera akakanyagwa akaacha kazi. Sikufanya lolote la maana. Beki wa Shinyanga, jitu moja refu lenye subira, alininyang'anya mpira kila mara bila hata kutoka jasho. Lakini baba alikuwa anatabasamu, maana hakuangalia mpira. Aliangalia watu.

Balaa likaanzia golini kwetu. Golikipa wetu alikuwa mpishi wa Wazungu, mtu wa tumbo, na mpira ukiwa mbali hakupenda kusimama bure. Alikuwa na vituko vyake, na kambi ilimpenda kwa vituko hivyo kuliko kwa kudaka. Siku ile aliamua kuposa. Alipiga magoti mbele ya nguzo ya kulia akaiamkia shikamoo baba mkwe. Akaenda nguzo ya kushoto kumnong'oneza binti, akarudi kwa mkwe kutaja ng'ombe. Mkwe akakataa. Akaongeza ng'ombe, mkwe akakataa tena, akaomba apewe hata maji ya kunywa, akanyimwa. Waliokuwa karibu wakaanza kucheka, na waliokuwa mbali wakaja kuona kinachochekwa. Mpaka mapumziko, upande wangu ulikuwa umepungua nusu.

Baba akanivuta pembeni, uso umemkunjamana. Akanyoosha kidole kule golini, akasema yule mnene ndiye mpinzani wangu, na dawa yake ni kali. Nikamwambia, baba, yule ni wetu, ni golikipa wetu, tuko timu moja.

"Kama ni wenu," akasema, "mbona anakuchukulia watu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwake yeye kushinda ni kuvuta watu. Nikaanza kumweleza mambo ya goli, na nyavu, na refa. Alinisikiliza kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtu aliyeanza kutafuta visingizio mapema. Kisha akamwita mchezaji wake mmoja wa ngoma, wakanifunga njuga miguu yote miwili, zile za kuchezea ngoma. Refa alikuwa Mzungu wa ofisi ya ramani. Aliziangalia njuga kwa muda, akainama, akazigusa kwa kidole. Akasema hakumbuki sheria inayozikataza, akapuliza kipenga.

Wee, umewahi kucheza winga na njuga? Kila hatua ni harusi. Mwanzoni zilisaidia, watu wakarudi, baba akapiga ngoma kwa mikono miwili. Lakini aliyezifurahia kuliko wote ni yule beki, maana sasa hakuhitaji hata kunitazama. Alinipa mgongo akawa ananisikiliza tu. Nikilia kushoto, ananyoosha mguu kushoto. Nikilia kulia, anaunyoosha kulia. Mashabiki wa kambi, wale wale wa mayai na nywele, wakaanza kunung'unika kwamba nimelewa sifa, eti watoto wa siku hizi wanapandishwa kabla hawajaiva. Wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuangalia posa imefikia wapi.

Mwishoni kabisa pumzi ikaniishia. Nikasimama karibu na goli lao, mikono kiunoni, najionea huruma. Njuga zikanyamaza. Beki akasikiliza, hakusikia kitu, akadhani nimetoka uwanjani, akaenda kuwasaidia wenzake upande wa pili. Na wakati huo huo, kule golini kwetu, baba mkwe akakubali. Zikapigwa vigelegele ambavyo sijavisikia hata kwenye harusi ya kweli. Umati wote ukamiminika kule, akina mama wakacheza, na ngoma za baba zikakatika ghafla. Mpira ukaja kutoka winga ya kulia, ukawapita watu wote, ukanigonga goti, ukaingia.

Nilishangilia peke yangu. Walioliona goli lile ni refa, wachezaji wachache waliokuwa karibu, na mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga nyuma ya nyavu. Nilimkimbilia yule mama nikiwa nimeinua mikono, naye akaniuliza nachukua za ngapi.

Kipenga cha mwisho kikalia, tumeshinda moja bila. Seremala alinikumbatia akitokwa na machozi. Nikamtafuta baba kwa macho, nikamkuta anafunga ngoma zake kwa kamba. Nikajua yameisha.

Nilimwambia nimefunga, baba, tumeshinda. Akasema amesikia hivyo. Mashabiki nao, walipopata habari kwamba lipo goli, wakaja mbio kunitetea, maana nilikuwa nimegeuka tena mtoto wao. Mmoja akaapa kwamba nilipiga kutoka katikati ya uwanja. Mwingine akasema hapana, ni kichwa, niliruka juu nikakaa hewani kwanza. Kinyozi akasema niliwapiga chenga watu watano, akaonyesha jinsi kila mmoja alivyoanguka. Wakaanza kubishana wao kwa wao kuhusu goli ambalo hakuna aliyeliona. Baba alikuwa amezoea mashahidi wa ngoma. Aliwaacha wamalize, kisha akamwuliza kila mmoja jambo moja tu, kwamba wakati ule alikuwa amesimama wapi. Wakatazamana. Kinyozi akasema alikuwa mahali pazuri tu.

"Najua," baba akasema. "Ulinikanyaga mguu."

Halafu akanigeukia mimi, na alisema polepole ili wasikie wote.

"Mwanangu, mpira umeuingiza, sikatai. Lakini hapakuwa na mtu anayekuangalia. Hata mimi nilikuwa kwa yule mnene. Mtu akikimbiwa mpaka na baba yake, ameshindwa."

Golikipa mwenyewe alikuja, kofia mkononi, kumweleza mzee kwamba yeye si mpinzani wangu na kwamba bila mimi tungetoka sare. Baba alimpa mikono miwili, akampongeza, akamwuliza mwishowe mkwe alikubali ng'ombe wangapi. Golikipa akasahau kilichomleta, akaanza kusimulia. Seremala alibishana na baba mpaka sauti ikamkauka, lakini utabishana vipi na mtu asiyetaka kitu ila haki? Mashabiki wakachoka, wakatawanyika. Kabla sijavuka mstari wa uwanja nikawasikia wanalitaja jina la mvulana mwingine wa timu ya watoto, kwamba huyo sasa ndiye, huyo si mchezo, na mwaka ujao tutaona.

Tuliondoka jua likiwa bado lipo. Wenzake baba walitangulia. Nililia waziwazi, vumbi likanigandia usoni, na sikujifuta. Nilimchukia baba yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na kilichonichoma zaidi ni kwamba nisingeweza kumwambia amesema uongo. Tulikwenda mpaka nyumba za kambi zikapotea nyuma yetu. Hapo baba akasimama, akaweka ngoma zake chini kando ya njia.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwuliza nimwonyeshe nini. Alivua shuka lake la begani, akalizungusha na kulifunga likawa dude la mviringo, akaenda ng'ambo ya njia akanigeukia. Nikasimama kama nilivyokuwa nimesimama uwanjani, mikono kiunoni, kamasi zinanitoka. Akalirusha. Likanigonga goti, likaviringika majanini.

Akauliza kama ni hivyo tu. Nikasema ni hivyo tu. Akauliza zile chenga je, na kukaa hewani, na lile la katikati ya uwanja. Nikamwambia wale ni waongo, lilinigonga tu nikiwa nimechoka.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaketi juu ya ngoma, akajifuta macho, akataka nirudie. Nikarudia, safari hii na mimi nikacheka. Sikuwa nimewahi kumchekesha baba maishani mwangu. Alipotulia aliinuka, akaivuka njia taratibu, akaja kusimama upande wangu, kama watu wanavyofanya ngomani wanapoamua kuhama.

"Sasa nimehama," akasema. "Lakini nimehama peke yangu, mwanangu, na watu wamekwisha kwenda kwao."

Akalifungua shuka lake, akalikung'uta, akajifunga. Ngoma kubwa akaibeba yeye, ndogo akanipa mimi, tukaendelea na safari ya Didia.