Syokau na Mtungi wa Kabeji Chachu

Vidonda vya tumbo vilimtesa Syokau, mama yake Ndanu, miaka sita. Sokoni Masii, alikouza mboga, wenzake walizoea kumwona amejikunja nyuma ya meza, mkono tumboni, huku akimtabasamia mteja. Levi, daktari wa zahanati, alipompima alikuta bakteria wamejichimbia tumboni, akampa dawa za siku kumi na nne. Siku ya nne zikamharisha, akaziacha. Maumivu yakarudi kwa kishindo.

Alipopewa dawa mara ya pili alikata shauri kuzimaliza. Nyumbani alikuwa na mtungi wa kabeji. Zile zilizobaki sokoni alizikatakata, akazikanda kwa chumvi na kuzishindilia humo mpaka zichache, zisije zikamwozea. Akamwuliza Levi kama angeweza kuzila pamoja na dawa.

"Kula, mwaitu," Levi akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Humo kuna bakteria wazuri, huenda wakatuliza tumbo. Lakini dawa ndiyo inayoua. Usiruke hata kidonge."

Hakuruka. Alipopimwa tena baada ya wiki sita, tumbo lilikuwa safi. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, na kwa furaha yake akausifu mtungi kuliko vidonge. Kesho yake watu wakamjaa mezani wakitaka kununua kabeji chachu.

Mmojawao alikuwa jirani yake Nzau, seremala, aliyeugua vidonda vya tumbo pia. Mwezi haukuisha, Syokau akamkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, akisema choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

"Dawa za daktari ulimaliza?"

"Dawa gani, Mama Ndanu? Si ulisema kabeji inatosha?"

Hakuwa ametamka hivyo, ila alijua ndivyo alivyosikika. Akatafuta gari, akamfikisha hospitali mjini Machakos, akakaa naye mpaka alipoongezwa damu na kupata nafuu.

Jumapili iliyofuata aliomba tena kusimama. Akaenda mbele ya watu wale wale waliompigia makofi.

"Nilipona kwa vidonge," alisema. "Kabeji ilinisaidia kuvivumilia tu. Nusura tumzike Nzau kwa sababu ya mdomo wangu."

Wateja wa kabeji walipungua nusu. Waliobaki, Syokau huwauliza kwanza, "Umepimwa?" Kwa anayesita hufunga meza, akamshika mkono hadi zahanati. Mwaka huu pekee Levi amewatibu watu ishirini na mmoja walioletwa na Syokau, na bado anawaleta.