Wimbo wa Kuchambua Maharage

Mama alikuwa Mnyakyusa aliyeolewa na Mhehe, na kwa kuwa kila mmoja alishikilia lugha yake, sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili. Kinyakyusa nilijua kusalimia tu, na kuomba maji.

Siku moja alikuja mgeni kukusanya nyimbo za kazi kwa ajili ya albamu ya muziki wa asili wa nchi mbalimbali. Mimi nikawa mkalimani wake. Tulizunguka vijiji vya upande wa Tosamaganga tukirekodi wanaotwanga na wanaopalilia, kisha nikampeleka nyumbani kwetu Kihesa, maana Mama alikuwa na wimbo wa Kinyakyusa aliouimba kila alipochambua maharage. Nilikua nikiusikia.

Mama akasita. "Huo si wa kurekodi, mwanangu."

"Mgeni ametoka mbali, Mama. Imba tu."

Akaimba, ungo mapajani. Ikapita bodaboda, nikamwambia arudie. Akarudia, jogoo akawika. Mara ya tatu sauti ilimkatika mwishoni, na mgeni akafurahi, akasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mama akainuka, akaingia ndani na maharage ambayo hayajaisha kuchambuliwa. Nilidhani amechoka.

Albamu ilipotufikia, Mama alikuwa ameshafariki. Wimbo wake uliwekwa katikati ya wapiga filimbi wa milima ya Amerika ya Kusini na wanawake wa jangwani. Kwenye jalada waliandika: wimbo wa kuchambua maharage. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Mwaka huu nilikwenda Mbeya kumwona mama mdogo, ndugu pekee wa Mama aliyebaki. Nikamwekea wimbo kwenye simu nikitaka kumfurahisha. Hata haukufika mbali, akaziba mdomo kwa khanga.

"Nani alimwambia aimbe huu?"

"Mimi. Kwani wimbo unasemaje?"

"Anamwita mtoto. Anamwambia arudi anyonye, maziwa yanamwagika."

Ndipo nikajua kwamba kabla yangu alizaliwa msichana, akaishi wiki chache. Mama mdogo, wakati huo binti, alikuwa amekuja Iringa kumsaidia dada yake baada ya kujifungua.

"Aliitwa nani?" nikamuuliza.

"Hatukuwa tumempa jina. Mama yako alikuwa na lake, akimnong'oneza sikioni. Hakumwambia mtu."

"Na kaburi?"

"Nyuma ya nyumba mliyopanga zamani. Si pamejengwa pale?"

Pamejengwa, ndiyo. Baba naye hayupo tena wa kumuuliza.

Nilimwandikia yule mgeni nikimwomba abadilishe maelezo. Alinijibu kwa upole kwamba albamu imeshasambaa, hakuna namna. Sasa wimbo uko mtandaoni. Msikilizaji mmoja ameandika chini yake kwamba unampa raha akiwa jikoni asubuhi. Nilianza kumjibu. Sikujua pa kuanzia, nikafuta.